Maalumu mara mbili

Katika elimu yetu ya Tanzania, neno "maalumu" limekaa pande mbili zisizokutana. Upande mmoja kuna shule za vipaji maalumu, kama Ilboru, Mzumbe na Kilakala, ambazo kila mzazi humwombea mwanawe. Upande wa pili kuna mahitaji maalumu, ambayo mzazi yuleyule huyataja kwa unyonge. Nimefundisha hisabati miaka 11, na nilichelewa mno kukubali kwamba mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.

Aliyenifundisha hilo ni mwanafunzi mwenye ualbino. Alipoingia kidato cha kwanza, daftari lake lilijaa maswali nusunusu, nami nikamhesabu kuwa mzembe. Siku moja nilisoma swali kwa sauti huku nikiliandika ubaoni, na kabla sijageuka alikuwa ameshataja jibu, tena kwa njia fupi kuliko yangu. Nikamwomba anisomee alichonakili, naye akaliinua daftari hadi likagusa pua. Palipokuwa na 8 aliandika 6, palipokuwa na 3 aliandika 5. Hesabu zenyewe hakukosea hata moja. Alikuwa amekokotoa kwa usahihi maswali ambayo sikuyauliza.

Ualbino huzuia sehemu ya katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kukua kikamilifu, ndiyo maana miwani pekee haitoshi, na mwanga mkali humuumiza. Tulimhamishia dawati la mbele, dirisha likiwa mgongoni pake, nami nikaanza kumchapia maswali kwa herufi kubwa na kutamka kila ninachoandika. Baraza la Mitihani nalo huwapa watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa na, kwa hisabati, nyongeza ya dakika 20 kwa kila saa.

Wengi wetu huishia hapo, nami niliishia hapo kwa muhula mzima. Tena nilimpa maswali mepesi nikidhani ndiyo huruma, kumbe nilikuwa namnyima chakula. Kinachopaswa kupunguzwa ni kunakili, si ugumu. Sasa hupewa maswali matatu badala ya kumi, lakini ya kidato cha tatu.

Wiki iliyopita alinifuata ofisini na karatasi iliyoandikwa kwa wino mzito, akijaribu kuthibitisha kwamba kipeuo cha pili cha 2 si namba wiano, yaani hakiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba nzima mbili. Hatua ya mwisho ilikuwa imemshinda. Tuliimaliza pamoja, kengele ya kwenda nyumbani ikiwa imeshalia zamani.