Tafakari ya wiki: Basi la mjomba

Somo: Mwanzo 12:4–8, 13:1–4, 23:1–20

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi iliyopita zamu ya jumuiya ilikuwa kwa mjomba wangu, Kibada. Tangu tuliposhuka kwenye pantoni pale Kigamboni, wageni niliofuatana nao waliniuliza mara tatu nyumba yenyewe ikoje. Nikawa najibu, mtaiona. Sikutaka kuanza kueleza barabarani kwamba tunakwenda kusali ndani ya DCM, basi la daladala.

Mjomba alikuwa baharia, miaka 31. Sisi wapwa zake tulimjua kwa kadi za posta na kwa sabuni za kunukia ambazo mama alizifungia kabatini, hakuoga nazo mtu. Santos, Durban, Rotterdam. Mfereji wa Suez ameupita mara nyingi kuliko mimi nilivyovuka Ruvu. Bandarini Hamburg kuna klabu ya mabaharia inayoitwa Duckdalben, ipo tangu 1986, ina chumba cha sala ambamo kila dini imepewa pembe yake. Mjomba anasema humo ndimo alimosali Pasaka yake ya kwanza ugenini, yeye na Wafilipino wawili, kila mtu kwa lugha yake.

Sasa mtaani kwetu baharia akirudi moja kwa moja watu huhesabu ghorofa. Ghorofa hakuna. Hela ya kiwanja aliituma miaka mingi, kiwanja kikauzwa kwa watu wawili, na shauri bado linapigwa kalenda. Alipochoka kungoja akanunua daladala bovu lililolala gereji bila injini, likavutwa hadi kwenye eneo la muumini mwenzetu aliyempa nafasi. Hesabu yake ni nyepesi: ukijenga penye kesi, siku ukiambiwa toka unaziacha tofali zako, basi unalivuta. Mama yangu alipoliona mara ya kwanza alikaa chini ya mwembe akalia, akasema ndugu yake karogwa.

Viti vyote ameving'oa isipokuwa viwili vya nyuma ya dereva. Matundu ya bolti ameyaziba kwa vipande vya bati, lakini ukivua viatu unayahisi kwa unyayo, safu kwa safu, pale walipokaa abiria. Vikombe vinaning'inia kwenye ndoano. Kila mlango wa kabati una komeo, na mtungi wa gesi wa kilo 6 umefungwa mnyororo ukutani. Nikamuuliza, mjomba, basi lisilo na injini linaogopa wimbi gani? Akacheka: "Mjomba, mkono umeshazoea." Kwa ajili ya joto amelivika paa la makuti, maana bila hayo ikifika saa saba mchana bati linapika mtu. Limekalia mawe. Matairi yamelazwa uvunguni chini ya turubai, na kila Jumapili akitoka ibadani anayakagua, eti yasije yakaliwa na jua.

Nilikuwa nimeandaa somo la Ibrahimu kabla sijajua zamu ni ya kwake, kweli kabisa. Ibrahimu alitoka Harani akiwa na miaka 75. Sara alifariki akiwa na miaka 127, na mumewe alimzidi kumi. Piga hesabu: miaka 62 kwenye mahema. Zamani nilifundisha kwamba hakuwa na nyumba kwa sababu ya umaskini wa kujinyima. Si kweli, sura ya 13 inasema alikuwa tajiri wa mifugo, fedha na dhahabu. Ardhi aliyoinunua, ile ya Makpela, ni ya kumzikia mkewe. Na ona alivyoinunua! Efroni, mwenye shamba, anamwambia chukua bure, yeye anakataa, anapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote langoni mwa mji, pango, shamba na miti vyote vimetajwa pamoja na mipaka. Aliyewahi kuuziwa kiwanja hewa atasoma sura ile kwa wivu.

Lakini neno lililonikamata liko sura ya 12. Kati ya Betheli na Ai, hema Ibrahimu *alipiga*, madhabahu *alijenga*. Kisha njaa ikampeleka Misri, na huko mnajua mambo hayakwenda vizuri. Aliporudi, Maandiko yanasema alirudi mpaka mahali hema yake ilipokuwa hapo kwanza, penye ile madhabahu. Hema ilishang'olewa zamani. Mawe aliyakuta.

Niliposoma hapo mke wa mjomba akaguna. Akasema: "Miaka yote ile nilipanga Temeke. Nyumba ninayo, mume hana anuani. Leo mume ninaye, nyumba ndiyo hii." Akaonyesha makuti kwa kidole. Watu wakacheka, yeye hakucheka sana. Baadaye alinieleza kwamba tangu waoane huu ndio mwaka wao wa kwanza kukaa pamoja Januari hadi Desemba, na kwamba vile viti viwili ni yeye aliyevikatalia visitolewe. Kila usiku saa tatu wanakaa hapo wanasoma sura moja, mjomba akisinzia anampiga kiwiko.

Naomba niseme jambo moja kwa ukali kidogo. Kuna ndugu alitoka pale akamfariji mjomba kwamba "hapa duniani tunapita tu." Mtu aliyedhulumiwa kiwanja asiambiwe hivyo. Maneno hayo mtu anajisemea mwenyewe, hasemewi, tena na mwenye hati ya nyumba mkononi. Ibrahimu alikaa hemani kwa kuitwa. Mjomba kafika kwenye basi kwa kuibiwa, na furaha aliyoikuta humo haimfutii mwizi deni. Basi tuombee shauri lake lisikilizwe, na wenye uwezo wa kumtafutia wakili wanione pembeni.

Masika yanakaribia na upande wa mlango panavuja. Tumekubaliana kila familia ilete makuti kumi kabla ya Jumamosi. Wa ng'ambo hii tutakutana Magogoni saa moja kasoro, pantoni ya kwanza kwanza hujaa, msichelewe. Mjomba amesema ngazi anayo.