"Nilikuwa nikienda": siku moja ya mwalimu wa Kiingereza

Saa 11 alfajiri

Kengele ya simu haijalia na mimi niko macho. Mezani zimenisubiri insha za darasa langu la asubuhi, 43 kwa jumla, kichwa kimoja kwa wote: maisha yangu nilipokuwa na miaka saba. Jana usiku nilisahihisha 20 usingizi ukanishinda. Zilizobaki lazima ziishe kabla sijatoka, maana leo tunafundisha kile kile kilichowashinda humo: namna ya kusema kwa Kiingereza jambo ulilokuwa ukilifanya zamani, tena na tena.

Ya juu kabisa imeanza hivi: "When I was seven I am used to walk to school with my sister."

Nikaweka kalamu chini. Huyu binti si mvivu. Ameshakutana na "used to", anajua inahusu mazoea, hata ile "to" hakuisahau. Kilichomponza ni "am", na najua ameitoa wapi. Ameitoa kwenye "nimezoea".

Inayofuata: "Every evening I was playing with my friends." Hii imetoka kwenye "nilikuwa nikicheza". Nyingine: "I was going to my grandmother every holiday." Ile ile. Nilipofika ya kumi nikachoka kuandika maelezo, nikawa naweka alama fupi pembeni kwa wino mwekundu: "nk" kwa kosa la "nilikuwa", "z" kwa kosa la "nimezoea". Nikaenda kasi. Hiyo kasi ilikuja kunigharimu, lakini hilo ni la usiku.

Mmoja tu ndiye aliyeandika "I used to" sawasawa tangu mwanzo. Tatizo lake ni kwamba hakuachia hapo. Sentensi 12 mfululizo, zote zimeanza na "I used to". Kusoma insha ile ni kama kusikiliza mtu anayegonga mlango ambao umeshafunguliwa.

Saa 2 asubuhi

Vitabu vingi vya sarufi huanza na kanuni: "used to" pamoja na kitenzi katika umbo lake la msingi, basi, fanyeni zoezi. Mimi siku hizi naanzia nyumbani. Nimeandika ubaoni sentensi mbili za Kiswahili:

Nilikuwa nikienda maktaba niliposikia kelele.
Nilikuwa nikienda maktaba kila Jumamosi.

Nikauliza, je, hizi "nilikuwa nikienda" ni moja au ni mbili? Darasa likagawanyika. Kijana wa dirishani akasema ni moja, herufi ni zile zile. Mwenzake akamkatiza: ya kwanza ni safari moja, tena haijafika, ya pili ni safari nyingi. Hapo ndipo nilipotaka tufike. Kiswahili kinaupakia mzigo wa aina mbili kwenye punda mmoja, na neno la pembeni, "niliposikia" au "kila Jumamosi", ndilo linalotuambia kabeba upi. Kiingereza kina punda wawili. Safari iliyokuwa njiani ni "I was going". Mazoea ya zamani ni "I used to go". Ukimwambia Mwingereza "I was going to the library every Saturday", atakuelewa, lakini atabaki anangoja umalizie: ulikuwa unaenda, kisha ikawaje?

"Mwalimu, si tuna hu-?" aliuliza binti wa mbele. "Huenda, hucheza. Hayo si mazoea?"

Swali hili nalipenda. Ndiyo, "hu-" ni mazoea matupu, lakini haipokei nafsi wala wakati. Huwezi kuisukuma peke yake ikaingia zamani. Inabidi umwite "kuwa" aje kusaidia, na ndiyo maana tunarudi kwenye "nilikuwa nikienda". Kiingereza kimepungukiwa upande wa pili. "Used to" ni ya zamani tu, haina leo. Ukitaka kusema "mimi huenda", huwezi kuandika "I use to go". Utasema "I usually go", au "I go" peke yake. Karne za nyuma Kiingereza kilikuwa na umbo la leo pia, na Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, alilitumia. Likafa, limebaki la zamani peke yake.

Halafu tukaingia kwenye jambo ambalo nadhani lilistahili muda mrefu zaidi ya niliolipa. Nimeandika: "I used to live there for five years." Nani anaona kosa? Kimya. Nikaandika nyingine chini yake: "I used to visit him three times." Kimya tena. Nikaongeza: "I used to visit him three times a week." Nikawaambia mbili kati ya hizi tatu zina kosa.

Ilichukua muda. Hatimaye mvulana mmoja, ambaye kwa kawaida huongea siku ya mtihani tu, akasema: "Mara tatu imeshahesabika. Mara tatu kwa wiki haina mwisho." Nikamtaka arudie kwa sauti. "Used to" haipendi hesabu iliyofungwa. Ukishajua ni miaka mitano kamili, au ni mara tatu tu basi, kitenzi cha kawaida cha wakati uliopita kinatosha: "I lived there for five years", "I visited him three times". Lakini "mara tatu kwa wiki" ni mwendo, haijumlishi chochote, kwa hiyo "used to" inakaa nayo vizuri.

Wengi walishangaa zaidi nilipowaambia kwamba "I walked to school every day" nayo ni mazoea ya zamani, na ni sahihi kabisa. Tofauti ni harufu inayobaki. "I used to walk" inamwachia msikilizaji picha kwamba siku hizi mambo yamebadilika. "I walked" haisemi lolote kuhusu leo.

Saa 4, mapumziko

Mwenzangu wa meza ya pili amenikuta nikipanga insha. "Kaka, na leo unawafundisha 'would'? Utawachanganya." Nikamwambia wameshachanganyikiwa, mimi naenda kuwachambua. Anayo hoja lakini. Wanafunzi wetu hukutana na "would" kwanza kama "-nge-": "I would go", ningeenda. Ndiyo maana wakisoma "Every evening he would sit by the window" wanatafsiri "kila jioni angekaa dirishani", na msomaji wa Kiswahili anabaki kuuliza, angekaa kama nini kisingetokea? Siku hizi naiona "ange-" hiyo hata kwenye tafsiri za watu wazima walioajiriwa kutafsiri. Inaniudhi kuliko inavyostahili. Kwa Kiswahili mtu huyo alikuwa akikaa dirishani kila jioni. Alikaa kweli.

Saa 4 na nusu

Nimerudi darasa lile lile. Nikaisoma kwa sauti ile insha ya "I used to" 12, bila kumtaja mwenyewe, ingawa masikio yake yalimtaja. Darasa likaanza kucheka kwenye ya tano. Nikauliza, kuna kosa la sarufi? Hakuna. Sasa mbona mnacheka?

"Used to" kazi yake ni kufungua mlango wa zamani. Ukishaingia ndani, huna haja ya kuufungua tena kila hatua. Hapo "would" inachukua kazi: "We used to live near a river. After school we would swim until dark." Na ukitaka, sentensi ya tatu iwe ya kawaida tu: "We came home wet." Kuna sharti moja. "Would" inakubali matendo yanayorudiwa, haikubali hali. Kuogelea, kukimbia, kusimulia, sawa. Kuishi mahali, kumiliki kitu, kujua, kupenda, hapana. "I would have a bicycle" haimaanishi nilikuwa na baiskeli. Ni mtu anayeitamani. Kwa hali, rudi kwenye "used to": "I used to have a bicycle."

Kisha nikageukia ubao kuandika swali, nikaandika: "Did you used to swim?"

"Ticha, samahani." Ni yule binti wa "am used to walk". "Ulitufundisha kwamba 'did' ikishachukua wakati uliopita, kitenzi kinabaki kitupu. Hatusemi 'did you went'."

Nilisimama na chaki hewani. Yuko sahihi, kwenye maandishi sanifu ni "Did you use to swim?", na kukanusha ni "I didn't use to swim". Nikafuta ile "d" mbele yao. Naweza kujitetea kidogo: mdomoni hakuna tofauti, "d" ya mwisho inamezwa na "t" ya "to", kwa hiyo sikio halikusaidii hata ukae na wenye lugha miaka 20. Ila sikio linasaidia kwingine, nikatumia aibu yangu kuwafundisha hilo. "I used a pen", nilitumia kalamu, ina sauti ya z kama "zawadi". "I used to write" ina s kama "sasa". Tukarudia kwa pamoja, s na z, mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta.

Nikawarudishia insha. Waandike upya aya ya kwanza, waibane pamoja na ile ya zamani, niletewe kabla ya kwenda nyumbani.

Saa 8 mchana

Kikao. Kilikuwa kirefu.

Saa 10 jioni

Mwanafunzi wangu wa simu ni mzee wa makamo anayejiandaa kwa usaili wa kazi ya ulinzi wa usiku. Kiingereza chake ni kizuri, cha kujifunza kazini. Nikajifanya msaili, nikamuuliza kwa Kiingereza kama kazi ya usiku haitamsumbua. Akajibu kwa kujiamini: "No problem, sir. I used to work at night."

"Mzee wangu," nikamwambia, "umemweleza kwamba zamani ulifanya kazi usiku, na ukaacha. Atataka kujua kwa nini uliacha."

"Aa! Mimi nasema nimezoea."

Ndiyo ile "z" ya alfajiri, imerudi ikiwa na mvi. Kiswahili chetu kinaitega vizuri, kwa sababu mtu anaweza kusema "nilizoea kupita pale" akimaanisha tu kwamba alikuwa akipita. Mazoea kama tabia ya zamani na kuzoea kama kutosumbuka, kwetu ni ukoo mmoja. Kwa Kiingereza maneno yanafanana sura lakini hayali sahani moja. "Nimezoea kufanya kazi usiku" ni "I am used to working at night": lazima "am" iwepo, na lazima kitenzi kivae "-ing".

Akauliza kwa nini "-ing" wakati kuna "to". Nikampa kipimo ninachokiamini: toa kitenzi, weka nomino. "I am used to noise", nimezoea kelele. Imesimama? Imesimama. Basi hiyo "to" inasubiri jina, na kitenzi kikitaka kukaa pale kijifanye jina kwa kuvaa "-ing". Sasa jaribu "I used to noise". Imeanguka. Hiyo "to" ya pili inataka kitenzi kitupu. Na kama ndiyo kwanza unaanza kuzoea, sema "I am getting used to working at night".

Alirudia mara nne, kisha akanishtua: "Na ile niliyoiona kwenye kibandiko cha mashine, 'is used to cut paper'? Mbona ina 'is' na haina 'ing'?" Ah, hiyo ni ya tatu, haihusiani na hizi. Hutumika kukatia karatasi. Na inasomwa kwa z.

"Mwalimu," akasema, "neno hili lina nguo nyingi kuliko mimi."

Saa 3 usiku

Aya mpya ziko mezani, kila moja imebanwa na insha yake. Ya yule binti:

"When I was seven, I used to walk to school with my sister. She would hold my hand when we crossed the road. She was always telling me to walk faster."

Nikasoma sentensi ya mwisho mara mbili, kalamu ikiwa tayari kuandika "nk". Lakini pale hakuna kosa. "Was" na "-ing", zikiwekewa "always" katikati, zinasema mazoea ya zamani yenye kero ndani yake: dada kutwa kucha ananiambia niharakishe. Sikuwafundisha hilo leo. Ameliokota mahali pengine.

Kisha nikaingiwa na wasiwasi, nikaanza kufunua insha za alfajiri moja moja, nikitafuta "always". Nikaipata kwenye ya 31, ya yule mvulana wa "mara tatu imeshahesabika". Alikuwa ameandika: "My brother was always hiding my shoes." Pembeni, kwa wino wangu mwekundu: nk. Naye kanitii. Kwenye aya mpya kaandika "My brother used to hide my shoes", sahihi kabisa, na ile hasira yote ya mdogo mtu imeondoka.

Nimeikata "nk" kwa mistari miwili na kuweka tiki juu yake. Chini nimeandika: Ya kwanza ilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea. Irudishe.