Walikuwa wananiita Mrundi kazini, hivi ndo nilivyolimaliza

Nafanya kazi kwa wakala mmoja wa mizigo hapa Kigoma mjini, jina silitaji. Mi ni karani, napokea hati za mzigo na kuhakiki hesabu ya kinachotoka stoo kwenda bandarini, saruji, sukari, unga, vingi vinavuka ziwa kwenda Bujumbura au upande wa Kongo, Kalemie na Uvira huko. Kwetu ni Kibondo, mi ni Muha, nimezaliwa na kusoma kulekule, mjini nimefuata kazi tu na nimepanga Gungu.

Shida ilianza siku ambayo nilijua nimefanya kazi nzuri. Alikuja mteja kutoka Bujumbura, Kiswahili chake kidogo sana, wenzangu wamekaa wanamuangalia tu, nikamsalimia kwa Kiha akanijibu kwa Kirundi tukaelewana bila shida maana hizi lugha ni ndugu wa tumbo moja. Mzigo wake ukatoka siku ileile. Alivyoondoka tu jamaa wa stoo akasema kwa sauti, "Kumbe humu tunafanya kazi na Mrundi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kile kicheko nimekijutia sana maana ni kama nilimpa ruhusa.

Kuanzia hapo jina langu likapotea. Mrundi leta hati. Muulizeni mkimbizi. Nduta wamepiga simu wanakutafuta ukaripoti. Kwa msiokaa huku, Nduta ni jina la kambi ya wakimbizi ya wilayani kwetu Kibondo, na ile ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa 1996, mkoa huu umepokea watu wa Burundi na Kongo miaka mingi. Na niseme wazi, kuwa Mrundi siyo tusi, wale ni majirani zetu na ndo wateja wanaotulipa mshahara. Ila Muha wa mpakani akiitwa hivo anaelewa anachoambiwa, kwamba uraia wako una mashaka, na siku mtu akiamua kukuchongea Uhamiaji utaanza kuzunguka kutafuta watu wa kuthibitisha babu yako kazaliwa wapi. Nina kitambulisho cha NIDA lakini nilikuwa natembea nacho kwenye pochi kila siku kama vile nasafiri, kwenda kazini tu jamani.

Nilivyomlalamikia meneja mara ya kwanza kwa mdomo akaniambia ni utani tu, dada usiwe na hasira za karibu. Hili neno utani liliniumiza kuliko hata lile jina. Sisi tumekulia kwenye utani, tunaujua. Mtani wako anakutania na wewe unamtania, halafu ukifiwa yeye ndo anafika wa kwanza, anachekesha watu na kazi anafanya. Mi baba yangu mdogo alifariki nikiwa hapo hapo kazini, wenzangu wakachanga rambirambi, huyu jamaa wa stoo hata pole hakunipa, nilivyorudi akaniuliza mbele za watu kama mpakani walinipigia muhuri. Sasa huo ni utani wa wapi?

Nilikaa kimya miezi kama mitatu nikidhani atachoka. Hakuchoka, na wengine wawili wakaanza kuiga. Halafu siku moja nikalipuka, nikamtukana pale mlangoni mwa stoo matusi ambayo mama yangu angesikia angelia, na matokeo yake mimi ndo nikapewa onyo. Jioni ile nimelia njia nzima nikapanga kesho naandika barua ya kuacha kazi.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja jirani yetu, mstaafu wa reli, zamani aliwahi kuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi. Nilimpa shikamoo akaona macho yamevimba akaniuliza, nikamwaga yote. Akasema, mwanangu barua ya hasira usiandike. Ukiacha kazi mwenyewe halafu ukaja kudai kwamba mwajiri ndo kafanya kazi isivumilike, sheria inakubali dai la hivyo, ila mzigo wa kuonyesha unabeba wewe, utaonyesha nini na huna hata karatasi moja? Akanieleza kuhusu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, kwamba ubaguzi kazini umekatazwa, na sababu zilizotajwa mle ni pamoja na utaifa, kabila na mahali mtu alikotoka, na kwamba kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu hizo kunahesabiwa ni ubaguzi. Nilimuomba arudie. Mi nilikuwa naona ni mambo ya kudharauliwa tu, sikujua yana kifungu.

Akanipa kazi ya kufanya, nunua daftari. Usiandike "ananidharau" maana hiyo hakuna wa kuipima, andika maneno yenyewe, siku, saa, mlikuwa wapi, nani alisikia, na kazi iliharibika vipi. Nikawa naandika kila jioni kwa wiki sita. Mfano mmoja: Jumanne, saa 3 asubuhi, mlango wa stoo, kasema "Mrundi hizo karatasi unazisoma au nikutafutie mkalimani", walikuwepo wabebaji wawili na dereva wa fuso, akakataa kunipa hesabu, gari likachelewa dakika 40. Zile dakika ndo zilikuja kufanya kazi, maana bosi anaweza asijali machozi yako ila gari kusimama analijali.

Katikati ya hizo wiki nikamfuata jamaa akiwa peke yake, bila watazamaji, nikamwambia "Kaka, mi nina jina langu, naomba uniite hilo, lile lingine silitaki." Basi, nikaondoka. Akapunguza siku nne hivi, halafu akaja kufanya kubwa kuliko zote, mbele ya mteja akasema huyu msimzoee, ngoja Uhamiaji waje siku moja. Mteja akaniangalia. Nilitetemeka lakini sikujibu, niliandika.

Kesho yake nikapeleka barua, ukurasa mmoja na nusu, matukio manane na tarehe zake na kile kifungu. Nilitoa nakala mbili, moja nikaibakiza ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, hii msisahau kabisa. Mzee alikuwa kashaniambia isiposaidia ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, kufungua mgogoro hulipii, ila siku zinahesabiwa, 30 kama umeachishwa kazi na 60 kwa migogoro mingine, kwahiyo mtu asikae nalo mwaka mzima akisubiri moyo upoe.

Shahidi nilimpata nisikotegemea, mzee mmoja mbebaji, hana cheo chochote pale, akasema mwanangu niandike, mi nimesikia. Wenzangu wa ofisini tunaokula wote walikataa.

Kwenye kikao jamaa akasema alikuwa ananitania. Yule mzee mbebaji akamuuliza taratibu, "Na yeye anakutaniaga nini?" Pakawa kimya. Meneja akalifunua tena lile karatasi akaanza kusoma upya kuanzia juu. Jamaa akapewa onyo la maandishi, na asubuhi iliyofuata wote tukaambiwa hapa kila mtu anaitwa jina lake.

Sitawadanganya kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Wale wawili walininunia karibu mwezi, wakasema nimemchoma mwenzetu, nikawa nakula peke yangu kwa mama ntilie, na upweke ule ulikuwa mgumu. Lakini kitambulisho nilikirudisha kabatini nyumbani.

Wiki iliyopita yule mteja wa Bujumbura amerudi. Nimemsalimia kwa Kiha palepale kaunta, sauti yangu ya kawaida, tukaulizana habari za nyumbani. Jamaa wa stoo akatoka na karatasi yake, akaiweka mbele yangu, "Dada, mifuko 300, hakiki na wewe." Nikahakiki, ilikuwa 300.