Nilivyozifungia draiva za NVIDIA vifurushi vya maabara yetu

Natunza kompyuta za chuo kidogo cha uhuishaji pale Ngara. Nyingi ni mashine za ex-UK, zile zilizostaafishwa ofisini Uingereza zikaletwa Nairobi na kadi za picha za Quadro K600 bado zimo ndani. Baadaye chuo kikaongeza GTX 1060 na GTX 1650, ambazo kama Quadro ni za NVIDIA, na Radeon RX 580 chache za AMD. Zote zinaendesha Debian 12, mfumo endeshi wa aina ya Linux. Mwanafunzi akikaa mbele ya yoyote haoni tofauti, lakini kwa anayefunga vifurushi, yaani yale mafungu ambayo Debian husakinishia programu, hizi ni koo nne zisizolana mahari.

Radeon nitazimaliza haraka kwa sababu hazina kesi. Draiva yao, programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi, ni amdgpu, nayo imo ndani ya kerneli, kiini cha Linux, tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015, na sehemu ya juu inatoka Mesa, mkusanyiko wa maktaba huria za michoro. Kinachobaki ni fimwea, programu ndogo inayopakiwa kwenye kadi yenyewe, nayo Debian 12 ilipotoka mwaka 2023 iliipa sehemu yake, non-free-firmware, na kuiingiza kwenye kisakinishi. Kerneli ikisasishwa, draiva inasasishwa nayo. Mimi sifungi chochote.

Kejeli ni kwamba kadi hizo hizo hazitusaidii kurenda, yaani kuigeuza kazi ya uhuishaji kuwa picha kamili. Blender, programu tunayorendea, iliacha OpenCL, njia ya kufanyia hesabu kwenye kadi, katika toleo la 3.0 mwaka 2021, na njia mpya iliyowekwa kwa kadi za AMD haiifikii RX 580. Kwa hiyo zile zenye draiva isiyonisumbua zinarenda kwa prosesa, na kazi nzito inarudi kwa NVIDIA, kwa sababu huko kuna CUDA, njia ya NVIDIA yenyewe ya kufanyia hesabu kwenye kadi.

Mtu atauliza, si kuna nouveau, draiva huria ya kadi za NVIDIA? Ipo, iliingia kwenye kerneli 2.6.33 mwaka 2010, imeandikwa na watu walioichunguza kadi kutoka nje bila msaada wa kampuni. Nawavulia kofia. Lakini haina CUDA, na kuanzia kizazi cha GTX 900 kadi hukataa fimwea isiyo na sahihi ya NVIDIA. Bila fimwea hiyo nouveau haiwezi kupandisha kasi ya kadi, basi GTX 1060 inabaki kwenye mwendo ule ule iliowashwa nao. Kwa somo la kuchora inatosha. Kwa kurenda, wanafunzi wataondoka na matatu za usiku.

Fundi aliyenitangulia alikuwa akipakua faili ya .run, kisakinishi cha NVIDIA, na kuisakinisha mashine kwa mashine. Inafanya kazi siku hiyo. Shida ni kwamba inamwaga maktaba kwenye mfumo bila dpkg, msimamizi wa vifurushi wa Debian, kujua, na Mesa ikisasishwa inaweza kugongana nazo. Kerneli ikibadilika, moduli, kile kipande cha draiva kinachoingia kwenye kerneli, iliyokompailiwa kwa ile ya zamani haipakiki tena. Asubuhi mlango unafunguliwa na sauti zinaanza: "Mwalimu, hii yangu imeleta giza."

Nilipochukua kazi nilifuta .run zote na kutumia vifurushi vya Debian vya sehemu ya non-free, vinavyotegemea DKMS. DKMS ilianzia kampuni ya Dell, na wazo lake ni zuri: kila kerneli mpya ikiingia, moduli inakompailiwa upya papo hapo. Kwenye laptopu ya mtu mmoja ningeiacha ilivyo. Kwenye maabara, kila mashine inahitaji kompaila na vichwa vya kerneli vinavyolingana, na kila mashine inarudia kazi ambayo jirani yake ameshaifanya. Stima ikipotea katikati, unabaki na kerneli iliyokamilika na moduli ambayo haipo. Hapa kwetu hilo si jambo la kufikirika.

Nikaamua moduli ikompailiwe mara moja tu, kwenye seva. Debian ina kifurushi cha nvidia-kernel-source na chombo cha module-assistant, ambavyo kwa pamoja vinakutolea kifurushi cha moduli chenye toleo la kerneli kwenye jina lake. Nikakiweka kwenye hazina yetu ya ndani niliyoitengeneza kwa reprepro, ili hata bando lisiliwe na mashine zote kupakua kitu kile kile.

Kiini cha mpango lakini ni kifurushi kingine kisicho na kitu ndani, ila masharti matupu. Kinadai kerneli fulani, moduli iliyokompailiwa kwa kerneli hiyo, na maktaba za NVIDIA za toleo lile lile, kwa alama ya sawasawa, si "hili au jipya zaidi". Kile cha kawaida cha kerneli, kinachovuta mpya kila zikitoka, nilikiondoa. Sasa kerneli haiingii mpaka moduli yake iwe imeshafika.

Ule usawa wa toleo si ukali wa bure. Moduli iliyo ndani ya kerneli na maktaba zilizo nje yake lazima ziwe za toleo moja hasa. Ukisasisha maktaba huku moduli ya zamani bado imepakiwa, nvidia-smi, chombo cha kukagua kadi, inakataa kuzungumza nayo, na Blender haioni CUDA mpaka uzime na kuwasha. Ndiyo maana nilizima usasishaji wa kimyakimya kwa vifurushi hivi, na mabadiliko yanaingia Ijumaa jioni wanafunzi wakishaondoka.

Secure Boot, kinga inayokagua sahihi za programu mashine inapowaka, nayo ilidai chake. Kerneli inakataa moduli isiyo na sahihi inayoitambua, kwa hiyo nikatengeneza ufunguo wetu, na moduli inatiwa sahihi kwenye seva kabla ya kufungwa. Kumbe kusajili ufunguo huo kwa mokutil hakukamiliki kwa mbali: lazima mtu akae mbele ya mashine inapowaka na kuthibitisha kwa nywila. Nilizunguka meza zote na kibodi mkononi.

Leseni ilinibana mahali ambapo wengi hawapaangalii. NVIDIA inaruhusu draiva ya Linux inakiliwe na kusambazwa, mradi faili zenyewe zisibadilishwe. Vifaa vya kufunga vifurushi vya Debian kwa kawaida hupunguza ukubwa wa faili kwa kuondoa alama za utatuzi, na huko ni kubadilisha. Kwa kifurushi cha maktaba nilichokifunga mwenyewe, hatua hiyo niliizima. Mesa haina masharti ya namna hiyo, unaikata utakavyo.

Mei 2022 NVIDIA ilifungua chanzo cha moduli zake za kerneli, kwa leseni za GPL na MIT, kuanzia kizazi cha kadi kinachoitwa Turing. Hapo GTX 1650 zetu zimo. Nilizijaribu kwa tawi, yaani mfululizo wa matoleo ya draiva, la 535 lililo kwenye Debian 12, na kwa kadi za GeForce lilinitaka niwashe chaguo maalumu la moduli kwanza. Zinafanya kazi. Ila maktaba za michoro za OpenGL na Vulkan, na za CUDA, bado zimefungwa, kwa hiyo ndoa ya matoleo iko pale pale na mimi sijapunguziwa kazi hata robo. Watu wanaosherehekea kana kwamba draiva nzima imekuwa huria hawajawahi kuifunga.

Quadro K600 niliziondoa kwenye mpango. Tawi la mwisho linalozikubali ni 470, na sikuona sababu ya kutunza hazina ya pili kwa ajili ya kadi yenye gigabaiti moja ya kumbukumbu. Zinaendeshwa na nouveau, darasa la kuchora limezichukua. GTX 1060 zinaelekea huko huko: tawi la 580 ndilo la mwisho kwao. Nimemwandikia mhasibu kwamba bajeti ijayo ya kadi isiguse kitu chochote cha kabla ya Turing, hata muuzaji akishusha bei vipi.