Dakika Nne

Kule kliniki Dada yangu alizoea kukaa kiti cha nyuma, karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kusindikiza tu. Siku ile nilikuwa nimetimiza miezi 9 tangu nipandikizwe seli shina, zile seli mama zinazotengeneza damu. Daktari alianza na maswali yake ya siku zote. Tumbo? Salama. Macho? Yanakauka kidogo. Ngozi? Nzuri. Kinywa?

"Hakina shida, daktari."

Miezi miwili nilikuwa nikijibu hivyo hivyo. Na asubuhi ile ile, kabla hatujatoka nyumbani, nilikuwa nimeinamia sinki nikipiga mswaki kwa maji matupu, machozi yakinidondoka. Dawa ya meno yenye mnanaa nilikuwa nimeshaiacha. Ilinichoma kana kwamba nimelamba kaa la moto.

Vidonda vya kwanza sikuvificha, wala nisingeweza. Kabla ya kupandikizwa walinipa tibakemikali kali ya kuufuta uboho wangu uliokuwa na leukemia, saratani ya damu. Wakati dawa ya melfalani ikiingia mshipani, muuguzi alinipa vipande vya barafu nivimung'unye mfululizo, akanieleza kuwa baridi huibana mishipa midogo ya kinywani, dawa ikafika huko kwa uchache. Naamini barafu ile ilinisaidia, ila haikuniepusha kabisa. Siku ya 6 baada ya kupandikizwa koo lilianza kuwaka. Siku ya 10 sikuweza kumeza hata mate yangu mwenyewe. Nililala nimeegemea ubavu, beseni chini ya kidevu, ute mzito ukinitoka kama gundi, na mofini ya kutuliza maumivu ikiingia mwilini kwa pampu. Dada nilimwandikia kwenye karatasi, naye, sijui kwa nini, alinijibu kwa kuandika, ingawa masikio yangu yalikuwa mazima.

Halafu chembe nyeupe za damu zikaanza kupanda, na kwa siku chache tu kinywa kikajifunika ngozi mpya. Hiyo ilikuwa kazi ya dawa: inaumiza, inapita. Nikadhani deni la kinywa nimelimaliza.

Vidonda vya pili vilikuja kimya, walipoanza kunipunguzia dawa za kukandamiza kinga. Usiku mmoja niliwasha tochi ya simu mbele ya kioo, nikalivuta shavu kwa kidole. Ndani kulikuwa na mistari myeupe imesukana kama utando wa buibui, na katikati ya utando ule vidonda viwili vya manjano, kingo zake nyekundu. Juu kwenye kaakaa kulikuwa na malengelenge madogo kama vichwa vya pini. Yalikuwa yakivimba kila nikianza kula, na mengine yakipasuka kabla sijamaliza. Chungwa sikuligusa tena, wala nyanya, wala chochote chenye pilipili.

Na mate yakakatika. Mpaka yalipokatika sikuwahi kujua kazi yanayofanya. Mkate uliganda kwenye kaakaa kama kitambaa, nikawa naubandua kwa ulimi. Usiku ulimi wenyewe ndio ulioganda. Niliamka nikitafuta chupa ya maji kwa kupapasa, kwa sababu bila funda moja nisingeweza hata kuita jina la mtu.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu nilijua jina la ugonjwa ule. Kwenye vikao vya mwanzo walitueleza kwamba seli za mfadhili, yaani mtu aliyezitoa, ni kinga kamili, zina macho yake na kumbukumbu zake, na huenda siku moja zikauangalia mwili wa mpokeaji zikauona mgeni. Zikishauona mgeni, zinaupiga: ngozi, macho, ini, kinywa. Tezi za mate nazo hazisalimiki.

Na mfadhili wangu ni Dada.

Alidungwa sindano siku kadhaa mfululizo ili seli zitoke kwenye uboho ziingie kwenye damu, kisha akalala saa nyingi amefungwa kwenye mashine, damu inatoka mkono huu inarudi kwa mkono ule. Mimi zamani nilikuwa kundi A la damu. Leo nikipimwa ni O kama yeye. Ukizitazama chembe za damu yangu kwa kromosomu zake, utasema ni za mwanamke. Mtu aliyekupa damu nzima ya kuishi nayo, utamwambiaje kwamba damu hiyo inakutafuna? Isitoshe, kwenye wadi ile niliwaacha wenzangu ambao hawakutoka. Nikajiambia kwamba kulalamikia mdomo ni ukosefu wa shukrani.

Basi daktari akasikia jibu langu, akaandika, kisha akaiweka kalamu chini. Sijui aliona nini. Labda ni namna nilivyokunywa maji mara mbili ndani ya sentensi moja.

"Fungua nione."

Nilifungua. Akaniambia nizidishe, nikashindwa. Akanitaka niingize vidole vyangu vitatu vilivyosimamishwa kati ya meno ya juu na ya chini. Viliingia viwili. Akachukua kile kioo kidogo chenye mpini, akakipitisha ndani ya shavu, kikanata. Kilinata kabisa, ikabidi akilegeze taratibu kama mtu anayebandua stempu, na hata hivyo nikaruka kwenye kiti.

"Hii ina muda gani?"

Sikujibu. Nyuma yangu nikasikia mkoba ukiwekwa sakafuni. Dada alikuja akasimama kando ya daktari, akainama, akatazama mahali taa ilipomulika. Alitazama muda mrefu.

"Ni zile seli zangu?" akauliza.

Daktari hakumficha. Akasema ndiyo.

"Kumbe ni mimi ninayemuuma."

Alilisema neno hilo kwa sauti ya kawaida tu. Mimi nikiwa nimeachama, na kioo mdomoni, sikuwa na namna ya kulipinga.

Daktari alivuta kiti akamkalisha, na nitamshukuru maisha yangu yote kwa kuzungumza naye kwanza kabla yangu. Alimwambia kwamba seli hizo hizo ndizo zinazoiwinda leukemia, na kwamba wagonjwa wanaopata kiasi fulani cha mashambulizi haya wana uwezekano mdogo zaidi wa saratani kurudi. Kazi iliyopo ni kuzituliza, si kuzifukuza. Kisha akanigeukia mimi, na hapo sauti ikabadilika. Vidonda vinatibika vikiwahiwa. Kinywa kinachokazana kisipofanyiwa mazoezi kinazidi kukaza. Meno yasiyooshwa na mate huoza upesi, hasa pale jino linapokutana na ufizi. Na kinywa kilichopigwa hivi kiko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata saratani yake chenyewe miaka ya mbele, kwa hiyo lazima kitazamwe mara kwa mara, maisha yote. "Ukiniambia hakina shida," akasema, "unanifumba macho."

Tulitoka na dawa ya kusukutua ya deksamethasoni ya kuzituliza zile seli, dawa ya meno yenye floraidi nyingi isiyo na mnanaa, vidonge vya kuchochea mate, na barua ya kwenda kwa daktari wa meno. (Alikuja kunikuta na matundu manne, yote kwenye mstari wa ufizi, na niliamini kila neno la yule wa kwanza.)

Njiani Dada hakusema kitu. Tulipofika nyumbani akakaa bila kuvua viatu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungejisikiaje, Dada?"

"Vibaya. Ningejisikia vibaya, halafu ningekutafutia dawa ya meno isiyowasha."

Akanyamaza. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua. Zile siku za sindano, mifupa ya kiuno na mapaja ilimvuta usiku kucha, akawa anatembea gizani chumba hadi chumba kwa sababu kulala hakuwezi. Mimi nilikuwa nikimpigia simu kila asubuhi kutoka wadini, naye akinijibu kwamba hana shida.

"Nilidhani nakulinda," akasema. "Na wewe umenifanyia vile vile, mdogo wangu."

Jioni akaja na kile kichupa na kijiko cha kupimia. Mililita 5, usukutue dakika nne, uteme, usile wala kunywa kwa robo saa. Dakika nne ni chache mpaka uwe na kidonda kwenye kila shavu na dawa chungu inayozungushwa juu yake. Baada ya nusu dakika nilitaka kutema. Dada akaweka simu mezani ikihesabu, akaanza kunisimulia habari za utotoni mwetu, mambo yasiyo na mpango, jinsi nilivyokuwa nikilia nikimwona anakwenda shule. Nisingeweza kumjibu. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa nimemsikiliza dakika nne bila kumkatiza.

Simu ikalia. Nikatema, nikajifuta midomo.

"Haya," akasema, akiwasha tochi. "Fungua nione."

Nikafungua.