Siku pete yangu ya uchumba iliponasa nywele ya mteja

Huo mwaka ndo nilikuwa nimetoka kuvalishwa pete, mahari ishatolewa nusu, harusi tunaisubiria Desemba. Mimi ni msusi, saluni yangu iko Kwa Mrombo huku Arusha, na siku hiyo nilikuwa namsuka mama mmoja mtu mzima, mteja wangu wa siku nyingi, anawahi msiba Babati. Nimefika nyuma ya sikio navuta mkono nichukue fungu lingine la rasta, mama akaruka kwenye kiti, "Yalaa! Mwanangu unaning'oa!" Kuangalia, nywele yake imeingia chini ya jino la pete, vile vikucha vya dhahabu vinavyoshika jiwe, na imekaza kabisa. Nikamwambia pole mama, nikaikata kwa mkasi, nikadhani yameisha.

Yule mama akasema hebu lete hiyo pete. Nikaivua, na kwa yale mafuta ya nywele ilitoka yenyewe tu, akaisogeza sikioni kwangu akaigonga gonga kwa ukucha. "Umesikia?" Nikasikia, kidogo sana, tik tik tik. "Jiwe linacheza hilo. Usiivae tena mpaka ifike kwa sonara."

Jamani mwili wote uliisha nguvu. Sio kwa ajili ya hela. Ile tanzanaiti ilikuwa ya marehemu baba yake mchumba wangu, alikuwa mwanaapolo, mchimbaji wa tanzanaiti huko Mererani miaka ya nyuma, kabla hata ule ukuta wa kilomita 24.5 wa kuzunguka machimbo haujajengwa 2018, na katika maisha yake yote ya kushuka shimoni alibakiza kijiwe hicho kimoja akamwambia mkewe hiki ni cha mke wa mwanangu. Akafariki mimi sijamjua. Kwa hiyo kila nikiangalia ile bluu yake naona kuna mtu alinipangia jambo jema hata kabla hajaniona, na hicho ndo kilikuwa kinacheza kwenye meno manne ya dhahabu huku mimi nasuka watu na kuosha vichwa kwenye sinki. Kingetoka kingeenda na maji, au kingefagiwa na nywele za chini jioni kikaishia jalalani, na jiwe lenyewe linatoka Mererani tu dunia nzima, toka ligunduliwe 1967 halijapatikana kwingine.

Nikamalizia kumsuka mama wa watu, pete nikaiweka kwenye kopo dogo la shanga za nywele lenye kifuniko, nikajaza pamba, nikapanda daladala mjini kopo liko mkononi muda wote. Duka la kwanza niliingia kwa sababu lilikuwa karibu na stendi. Kijana akaiangalia akasema dada hii ndogo, tunaitumbukiza kwenye mashine ya kuoshea ing'ae kwanza, afu tunadondoshea gundi kidogo jiwe lishike. Nikampigia mchumba wangu nikamweleza, akasema kwa haraka, "Usikubali! Chukua pete toka hapo, nenda kwa mzee aliyeitengeneza." Nikamshukuru yule kijana nikaondoka.

Mzee ni sonara wa zamani, anafanyia kazi kwenye kichumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Alibana kile kidude cha kukuzia kwenye jicho, akaiangalia muda mrefu bila kusema kitu, afu akanipa na mimi nitazame. Aisee. Kwa macho ya kawaida pete ilikuwa nzima inang'aa, ila mle ndani nikaona jino moja limeinuka na ncha yake imelika imebaki nyembamba, na chini yake kipande cha ile nywele ya mama bado kimo. Lile la pembeni yake nalo lilikuwa limeanza.

Akaniuliza unafanya kazi gani. Nikamwambia. Akaniuliza taulo za saluni unafua na nini, nikasema jiki, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba pete imegongwa 750 ndani, maana yake dhahabu ni sehemu 750 kwa elfu na zinazobaki ni vyuma vingine vya kuipa ugumu, sasa klorini inashambulia vile vyuma vingine, na jino lenyewe ni jembamba kwa hiyo ndo linaumia mapema. Tena jiwe lenyewe sio gumu kihivyo, almasi ni 10 kwenye kipimo cha ugumu wa mawe, tanzanaiti iko kwenye 6 na nusu hivi, na mchanga wa kawaida tu hapo nje una chembe za 7, kwa hiyo hata kuifuta vumbi na kitambaa kikavu unaweza kulichora. Na ile mashine ya kuoshea inatetemesha maji kwa kasi sana, tanzanaiti kama ina ufa mdogo ndani inaweza kupasuka humo humo. Mswaki laini, maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, basi. Nilikuwa naandika kwenye simu kila anachosema.

Akasema anaweza kuongeza dhahabu kwenye meno, ila kwa mikono isiyotulia kama yangu yeye angeshauri aondoe meno yote alizungushie jiwe ukingo wa dhahabu pande zote, kusiwe na kitu cha kunasa. Mchumba wangu akaja jioni tukakubaliana, akaomba kitu kimoja, yale meno ya zamani yayeyushwe yaingie humo humo. Mzee akatoa jiwe kwanza kabla hajawasha moto wowote, akasema hili lilishachomwa likiwa la kahawia ndo likawa bluu, lakini ule ulikuwa moto wa kupandishwa taratibu, moto wa ghafla wa sonara unalipasua. Akalipima mbele yetu, akaandika kwenye risiti uzito wa jiwe na uzito wa dhahabu mbali mbali, tukapiga picha kila upande.

Sasa kazi ikachukua muda na maneno yakaanza. Saluni ni saluni, watu wanakuja kusuka na kuangalia. Kidole kitupu! Mara nasikia nimeachwa, mara nimerudisha pete mwenyewe, mwisho habari ikamfikia mama mkwe akanipigia. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hiyo ndo iliniumiza zaidi, aliuliza tu, "Mwanangu, kuna tatizo mnanificha?" Nikasema hapana mama, shikamoo kwanza, nikamweleza yote mpaka lile jino. Akanyamaza kidogo akasema basi umefanya vizuri, marehemu mume wangu angekaa usiku kucha kulitafuta.

Pete ikatoka. Ukingo mwembamba, jiwe limekaa chini kidogo, unapitisha kidole juu hukuti kitu. Kwa ndani Mzee aliweka vidonge viwili vidogo vya dhahabu kwa sababu nilimwambia Julai kwa baridi ya huku vidole vinasinyaa na pete inazunguka, jioni ya joto vinavimba. Ile kopo ya shanga ikawa ndo nyumba yake nikiwa kazini, inakaa kwenye rafu ya juu mbali na sinki. Mzee alikataza kabisa kuifunga kwenye tishu, alisema pete nyingi anazosikia zimepotea zilikuwa kwenye tishu mtu akatupa. Akanipa na kipimo cha nyumbani, chukua pamba ipitishe taratibu juu ya pete yote, ikiacha nyuzi mahali popote ilete.

Jumapili yake tulikwenda Mererani kwa mama mkwe. Alinishika mkono akaiangalia muda mrefu, akasema marehemu angefurahi. Baada ya chakula nikamwonyesha kile kipimo cha pamba, na ya kwangu ikapita bila kuacha hata uzi mmoja. Akaniangalia, akaivua ya kwake ya ndoa, ina kijiwe cha kijani ambacho hajawahi kukipeleka popote toka alipovalishwa, akasema jaribu na hii.

Pamba ikanasa, tena meno mawili. Nikamwambia mama usiivae, nipe nikaitafutie kopo, akasema hapana, nakuja nayo mwenyewe, huyo Mzee nataka nimwone. Jumatatu asubuhi alikuwa stendi ananisubiri na mkoba kaukumbatia.