Amesema Nini?

Jumamosi nilikaa na binti yangu safu za juu kabisa, kule ambako wachezaji wanaonekana kama punje. Mtangazaji akasema jambo, watu wa chini wakacheka, sisi tukabaki kutazamana.

"Baba, amesema nini?"

"Hata mimi sijasikia, mama."

Hapo hapo nikajikuta nimeinua macho darini, nahesabu spika. Mama yake husema siwezi kuingia kwenye jengo lolote nikaketi kama watu wengine. Ni kweli, ila siku hiyo sikuwa nahesabu kwa mazoea tu. Nilikuwa nautafuta ule ukumbi.

Ule tuliofunga mitambo ya sauti miezi minne bila kuona jua. Leo mpira wa kikapu, kesho ndondi, keshokutwa mkutano, mwisho wa wiki tamasha, na kila mmoja anataka sauti yake. Kuta za zege, paa la bati, viti vya plastiki: hakuna kinachonyonya sauti hata kidogo. Tulitundika mafungu manane ya spika kuuzunguka uwanja, kila fungu limeshonwa kama shanga, likapandishwa na winchi za mnyororo huku sisi tumekaa mbali, maana hakuna anayesimama chini ya mzigo unaopanda. Nyaya tulizovuta sitaki hata kuzikumbuka. Mgongo wangu unazikumbuka kwa niaba yangu.

Kwenye mchoro wa kwanza kulikuwa na spika nne ndogo za ziada kwa viti vya juu, vile vilivyojificha nyuma ya ubao wa matokeo unaoning'inia katikati. Umeme hupita kwenye waya kufumba na kufumbua, lakini sauti hewani hutembea kama mita 343 kwa sekunde. Kwa hiyo spika za mbali hucheleweshwa makusudi, zisubiri sauti ya spika kubwa ifike, ndipo nazo ziseme. Ukizikosea, msikilizaji anasikia watu wawili wanaogombana. Ukizipatia, hajui hata kama zipo. Zile nne zilifutwa kwa kalamu nyekundu kwenye kikao ambacho sikuitwa.

Usiku wa vipimo nilipanda mimi, na maikrofoni ya kupimia mkononi. Ukumbi mtupu, taa nusu zimezimwa. Fundi mkuu alikuwa chini, katikati ya uwanja, kama mita sabini kutoka nilipokaa. Nilimwona anafungua mdomo, na kabla sauti haijanifikia nilikuwa na nafasi ya kupepesa macho. Alikuwa anasoma tangazo la dharura, lile linalotakiwa kusikika hata kama mengine yote yameshindikana.

Nikasikia: o-e-i, a-o, a u-o-o.

Nilidhani ni masikio yangu, siku ile tulikuwa tumeamka alfajiri. Nikamwomba kwa redio ya upepo arudie. Akarudia taratibu, neno moja moja. O-e-i. A-o. A. U-o-o. Vokali zote zilinifikia, nene, moja imeketi juu ya nyingine, halafu zikabaki zinavuma paani muda mrefu baada ya yeye kufunga mdomo. Konsonanti zilibaki njiani. Hazina nguvu, maskini. Ni pumzi na kugusa kwa ulimi tu, mvumo ukija unazifunika. Nilitumia kama dakika nzima kubahatisha hadi nikapata: tokeni, mlango wa kushoto. Na nilikuwa nimetulia, sina moshi machoni, sina mtoto mkononi.

Kipimo cha maneno kueleweka, kinachoanzia sifuri hadi moja, kikasema 0.38. Kwa matangazo ya dharura tulitakiwa tufike 0.50.

"Watu wakijaa itatulia," fundi mkuu akasema kwenye redio. Hakuwa anadanganya. Tangu Wallace Sabine, yule wa Harvard aliyekesha miaka ya 1890 akipima mvumo kwa bomba la kinanda, saa ya kupimia sekunde na mito ya viti, inajulikana kwamba mwili wa mtu hunyonya sauti. Lakini mito haipigi kelele.

"Mkuu, huku hakusikiki."

Kimya kidogo. Kisha: "Shuka safu kumi, pima hapo."

Nikashuka. Pale ubao hauzibi, unayaona mafungu mawili ya spika waziwazi. 0.52. Nikaandika kwenye fomu ya makabidhiano, nikaweka sahihi. Namba ilikuwa ya kweli. Kiti ndicho hakikuwa chenyewe.

Siku ya ufunguzi nilipanda nikakaa pale pale pa usiku ule. Watu walijaa, mvumo ukapungua kweli, mzee wa watu alikuwa na haki yake. Ila kijana aliyekuwa kushoto kwangu kila tangazo alimgeukia mwenzake. Niliondoka kabla ya mapumziko. Sijasikia kwamba jambo baya limewahi kutokea mle, na kila mwaka unaopita najiambia basi, yamekwisha. Nimejiambia mara nyingi mno kwa jambo lililokwisha.

Mtangazaji wa Jumamosi akarudi tena kwenye maikrofoni. Sentensi ndefu safari hii. Binti yangu akanivuta mkono.

"Na sasa hivi je?"

Nikamwambia amesema tuendelee kukaa, mchezo unaanza.

Akachungulia chini, kule safu za mbele.

"Mbona wao wanasimama?"